Nukta, Kadi na Treni ya Jumanne

Mwezi Mei 1941, ofisi ya takwimu ya manispaa ya Amsterdam ilikamilisha ramani ambayo mwalimu yeyote wa jiografia angeisifu. Mitaa imechorwa kwa usahihi, mifereji ipo mahali pake, na juu ya mitaa hiyo zimetapakaa nukta ndogo ndogo. Nukta moja ni Wayahudi 10. Karibu na soko la Waterlooplein, katika mtaa wa kale wa Wayahudi maskini, nukta zimesongamana hadi mtaa wenyewe hausomeki. Upande wa kusini, kwenye nyumba mpya ambako wakimbizi wengi kutoka Ujerumani walikuwa wamepanga, nazo ni nyingi, ila zina nafasi ya kupumua. Waliochora si askari wa Hitler. Ni watumishi wa manispaa, Waholanzi, watu wa kuingia kazini asubuhi na kutoka jioni, walioletewa agizo na wakuu wapya wa Kijerumani wakalitekeleza kwa ustadi waliozoea kuutumia kwenye kazi nyingine zote.

Mwaka mmoja na ushei baadaye treni zikaanza kuondoka. Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000. Zaidi ya 100,000 waliuawa, yaani robo tatu. Hakuna nchi nyingine ya Ulaya Magharibi iliyopoteza sehemu kubwa kiasi hicho. Ubelgiji, jirani wa mlango kwa mlango, ilipoteza kama wanne kati ya kila kumi. Ufaransa ilipoteza robo. Denmark ilipoteza wachache sana, hata asilimia mbili hawafiki.

Hesabu hizi zinasumbua, kwa sababu mtu angetarajia kinyume chake. Waholanzi hawakuwa na historia ya kuvamia Wayahudi mitaani. Tangu 1796 Wayahudi wa nchi hiyo walikuwa raia kamili, na miongoni mwao walitoka mawaziri, maprofesa, wachonga almasi na wauza samaki. Ufaransa ndiyo iliyokuwa na magazeti ya chuki na serikali ya Vichy iliyotunga sheria zake yenyewe dhidi ya Wayahudi. Iweje basi nchi yenye chuki ndogo ipoteze wengi zaidi? Wanahistoria wametoa majibu kadhaa, na nitayagusa baadaye. Ila jibu ninalolipa uzito wa kwanza ni hili: chuki ilitoka Berlin, lakini kazi ilihitaji masijala, na masijala ya Uholanzi ilikuwa bora kuliko zote Ulaya.

Huko Berlin mambo yalianza kwa sheria kabla ya risasi. Adolf Hitler alipofanywa chansela tarehe 30 Januari 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama nusu milioni, hawafiki mtu mmoja katika kila mia. Kufikia Aprili walikuwa wameanza kuondolewa katika utumishi wa serikali. Septemba 1935, kwenye mkutano wa chama mjini Nuremberg, zikatangazwa sheria za kuwavua haki za uraia na kuwapiga marufuku kuoana na Wajerumani wengine. Hapo ndipo serikali ilipogonga mwamba wa kiofisi: Myahudi ni nani hasa? Wanazi walihubiri damu, lakini damu ukiiweka chini ya darubini haisemi dini ya mwenyewe. Ikabidi watazame dini ya mababu. Mwenye babu na bibi watatu au wanne waliokuwa wa jumuiya ya Kiyahudi ni Myahudi, hata kama yeye amebatizwa na kila Jumapili anaimba kwaya. Nadharia nzima ya damu ikawa inaegemea vitabu vya ubatizo na madaftari ya masinagogi.

Sheria hizo hizo zilitumika pia dhidi ya Waroma na watu weusi. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyetumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa akifundisha Kiswahili chuoni Berlin na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Hakuwa Myahudi, wala haingii katika hesabu ya Wayahudi milioni sita waliouawa. Lakini jina la mtu wa pwani yetu nalo limo katika madaftari ya kambi zile.

Mwaka 1938 kamba ilikazwa. Kila Myahudi mwanamume ambaye jina lake halikutambulika kuwa la Kiyahudi aliamriwa kuongeza jina la Israel, na kila mwanamke Sara. Pasi zao zikapigwa muhuri wa herufi J. Julai mwaka huo wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hao. Walieleza masikitiko yao mmoja baada ya mwingine, na karibu wote wakasema kwao hakuna nafasi. Usiku wa tarehe 9 Novemba masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima, maduka yakavunjwa, na wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa katika kambi za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya marki bilioni moja, kana kwamba wao ndio waliovunja vioo vyao.

Waliojaliwa kutoroka walikwenda popote palipofunguka. Wachache walifika Kenya na kupata kazi ya kusimamia mashamba ya walowezi. Vita vilipozuka, serikali ya kikoloni iliwaweka wanaume kizuizini kama raia wa nchi adui, maana karatasi zao zilisema Ujerumani, na karatasi haikuwa na sehemu ya kueleza kwamba Ujerumani ndiyo waliyoikimbia. Stefanie Zweig, aliyefikishwa Kenya akiwa mtoto, aliyasimulia maisha hayo miaka mingi baadaye katika riwaya yake ya 1995 kuhusu familia iliyojikuta haina kwao Afrika.

Polandi ilipovamiwa Septemba 1939, Wanazi walijikuta wanatawala Wayahudi wengi mno: kabla ya vita nchi hiyo ilikuwa na zaidi ya milioni tatu. Waliwafungia katika mageto. La Warszawa lilifungwa Novemba 1940, watu zaidi ya 400,000 katika eneo la kilomita za mraba tatu na nusu hivi, nyuma ya ukuta, kwa chakula kisichomtosha mtoto. Ndani ya geto hilo mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikusanya kundi la siri la waandishi, walimu na marabi, wakawa wanaandika kila kitu: bei ya mkate, mizaha ya mitaani, insha za watoto wa shule, habari za vijiji vilivyofutwa. Hata karatasi za peremende na tiketi za tramu walizihifadhi. Waliona kwamba kama historia yao itaachiwa mafaili ya Wajerumani, wataonekana humo kama mizigo tu. Mkusanyo ulifukiwa ardhini ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Ringelblum aliuawa Machi 1944. Masanduku yalichimbuliwa 1946, madebe mawili yakapatikana 1950, na sehemu nyingine haijaonekana hadi leo.

Hapa sharti niseme wazi kwamba hoja yangu ya masijala ina mpaka wake. Jeshi la Hitler lilipoingia Muungano wa Sovieti tarehe 22 Juni 1941, liliandamana na vikosi maalumu vya kuua, na vikosi hivyo havikuhitaji kadi wala ramani ya nukta. Viliingia mjini, vikabandika tangazo, vikakusanya watu, vikawapeleka bondeni au msituni na kuwapiga risasi, mara nyingi kwa msaada wa wanamgambo wa hapo hapo. Kwenye bonde la Babyn Yar, pembeni mwa Kyiv, waliuawa Wayahudi 33,771 kwa siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba. Tunaijua idadi hiyo mpaka mtu wa mwisho kwa sababu wauaji waliiandika kwenye taarifa yao ya kazi na kuituma Berlin. Ukraine, Belarus, Lithuania na Latvia watu waliuawa karibu na nyumba zao, majirani wakisikia milio. Mashariki, basi, karatasi ilikuja baada ya risasi, magharibi ilitangulia.

Na ilibidi itangulie. Amsterdam, Paris au Oslo usingeweza kupiga watu risasi bustanini mchana kweupe, raia wakatazama, kisha utarajie kiwanda kifunguliwe kesho yake. Watu wa magharibi walitakiwa kutoka majumbani mwao wenyewe, wakiwa na sanduku mkononi, na kusafirishwa mbali. Tarehe 20 Januari 1942 wakuu 15 wa serikali, chama na polisi walikutana kwa muda wa saa moja na nusu hivi katika jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, Berlin. Mwenyekiti alikuwa Reinhard Heydrich. Adolf Eichmann ndiye aliyetayarisha kumbukumbu za kikao. Mauaji yalikuwa yameshaanza. Kikao kilikuwa cha kupanga ushirikiano wa wizara. Kumbukumbu zile zina jedwali la nchi za Ulaya na idadi ya Wayahudi wa kila moja, jumla milioni 11, pamoja na Uingereza ambayo haikuwa imetekwa na Albania yenye 200 tu. Nyingi ni namba za kukisia, zimefungwa kwa sifuri tatu. Uholanzi imeandikwa 160,800, wakihesabiwa na wenye damu ya mchanganyiko. Hiyo haikuwa ya kukisia.

Ilitoka kwa Jacob Lentz, mkuu wa ukaguzi wa madaftari ya wakazi. Lentz hakuwa mwanachama wa chama cha Wanazi cha Uholanzi. Alikuwa mtu wa mafaili, mwenye ndoto ya siku moja kuwa na nchi ambamo kila mtu ana mwenzake wa karatasi asiyepotea. Katika miaka ya 1930 alikuwa amekamilisha mfumo wa kadi binafsi: kila mkazi ana kadi katika manispaa yake, akihama nayo inahama, na humo yameandikwa jina, kazi, wazazi, anwani na dini. Dini iliandikwa bila nia mbaya. Shule, vyama vya siasa na hata redio za Waholanzi ziligawanyika kwa madhehebu, kwa hiyo hakuna aliyeona hatari.

Jambo moja Lentz alinyimwa. Alitaka pia kila raia abebe kitambulisho, na mapema 1940 baraza la mawaziri likakataa, kwa hoja kwamba kumlazimisha mtu atembee na kitambulisho ni kumfanya kila raia mshukiwa. Miezi michache baadaye Wajerumani waliteka nchi, malkia na mawaziri wakakimbilia London, na Lentz akapata wakuu waliomsikiliza. Kitambulisho chake kilikuwa na picha, alama ya kidole, karatasi yenye alama ya maji, na wino uliobadilika chini ya taa maalumu. Polisi wa Berlin walikiri kwamba kinazidi cha kwao. Waghushi wa upande wa upinzani waliumiza vichwa kwa miaka. Kwenye vitambulisho vya Wayahudi ilipigwa J kubwa.

Januari 1941 likatoka agizo kwamba kila mwenye damu ya Kiyahudi ajisajili katika manispaa yake. Karibu wote walikwenda. Kuwalaumu leo ni rahisi, na wapo waliofanya hivyo, lakini fikiria hali yao: dini yao ilikuwa tayari kwenye kadi, asiyejisajili alitishiwa kifungo, na mbele ya dirisha la ofisi alikaa karani yule yule aliyewaandikia cheti cha ndoa. Serikali kwao haikuwa kitu cha kukimbia. Sisi wa nchi zilizotawaliwa tulijifunza mapema kwamba mtu wa daftari akija, anakuja kuchukua kodi au vijana, na wazee walijua kupunguza idadi ya vichwa vya nyumbani. Mholanzi hakuwa na mazoea hayo.

Si kwamba hakuna aliyepinga. Walimu na majaji wa Kiyahudi walipofukuzwa mwishoni mwa 1940, Profesa Rudolph Cleveringa wa Leiden alisimama tarehe 26 Novemba mbele ya wanafunzi akamtetea hadharani mwalimu wake Eduard Meijers. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, Cleveringa akatiwa ndani. Lakini rais wa Mahakama Kuu, Lodewijk Visser, alipoondolewa kwa sababu ni Myahudi, majaji wenzake walibaki vitini wakaendelea kusikiliza kesi. Februari 1941, baada ya vijana wa Kiyahudi wapatao 400 kukamatwa mtaani Amsterdam na kupigwa mbele ya watu, madereva wa tramu, wapakuaji wa meli bandarini na wafanyakazi wa viwanda waligoma siku mbili, tarehe 25 na 26, mji ukasimama. Mgomo huo wa raia kutetea Wayahudi ni wa nadra mno katika Ulaya iliyotekwa. Ulizimwa kwa risasi, na wale vijana karibu wote wakafia katika kambi ya Mauthausen. Mjini watu waligoma. Ofisini kazi iliendelea.

Kuanzia Mei 1942 ilikuwa lazima kushona nyota ya njano kifuani. Nyota ziliuzwa: senti nne moja, pamoja na kuponi ya mgao wa nguo. Juni baiskeli zilitaifishwa, kisha tramu zikawa marufuku. Julai zikaanza kufika barua za wito wa kazi Ujerumani. Barua hiyo ni waraka wa kutisha kwa upole wake. Inaorodhesha vitu vya kubeba: buti za kazi, soksi jozi mbili, mashati mawili, blanketi mbili za sufu, bakuli, kikombe, kijiko. Msomaji anaambiwa abebe nguo za kubadilisha, anapewa na kibali cha kupanda treni bila nauli. Tarehe 5 Julai moja ilifika kwa Margot Frank, msichana wa miaka 16. Kesho yake familia yake, pamoja na mdogo wake Anne, ikaingia mafichoni.

Wengi hawakuwa na mahali pa kujificha wala pesa za kulipia. Walipelekwa Westerbork, kambi iliyojengwa na serikali ya Uholanzi yenyewe 1939 kwa ajili ya wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Ilikuwa na hospitali nzuri, shule, na hata jukwaa la vichekesho lenye wasanii waliokuwa mashuhuri Berlin. Kwa sehemu kubwa ya wakati huo, kila Jumanne treni iliondoka. Usiku wa kuamkia Jumanne majina yalisomwa mabwenini, kwa alfabeti, na hakuna aliyelala. Asubuhi mabehewa yalipangwa sambamba na njia kuu ya kambi, milango ikafungwa kwa nje, idadi ikaandikwa kwa chaki. Aliyebaki alikuwa na siku saba za kupumua. Kati ya Machi na Julai 1943 treni 19 zilikwenda Sobibor, mashariki mwa Polandi, zikiwa na watu 34,313. Sobibor hakukuwa na kambi ya kazi kwa wageni. Wengi waliuawa kwa gesi saa chache baada ya kushuka. Waliorudi kati ya hao ni 18.

Baraza la Wayahudi, lililoundwa kwa amri ya Wajerumani chini ya Abraham Asscher na David Cohen, lilikuwa limepewa jukumu la kugawa mihuri ya kuahirishiwa safari. Muhuri ulisema mwenye kitambulisho hiki ameachwa mpaka atakapoarifiwa tena. Watu waligombania muhuri huo kama dawa, wengine wakauza vito vya familia kuupata, na kila muda ulipopita aina moja ya muhuri ilifutwa na wenye nao wakachukuliwa. Mpaka Septemba 1943 ilikuwa imefutwa yote, na viongozi wa Baraza wenyewe wakapelekwa Westerbork. Cohen na Asscher walihukumiwa vikali baada ya vita na jumuiya yao. Mimi siwezi kuwatetea, ila naona ajabu kwamba wao waliitwa kujieleza mapema kuliko wakuu wa shirika la reli.

Waliokuja kuelewa vizuri adui ni nani walikuwa wasanii. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943, kundi la watu waliovaa sare za polisi lilibisha hodi kwenye ofisi ya wakazi ya Amsterdam, mtaa wa Plantage Kerklaan. Kiongozi alikuwa mchongaji Gerrit van der Veen, pamoja na mchoraji na mwandishi Willem Arondéus. Sare zilishonwa na fundi cherehani Sjoerd Bakker. Walinzi walichomwa sindano ya usingizi wakalazwa bustanini, kwa kuwa kundi halikutaka kuua mtu. Kisha wakamwaga kadi sakafuni, wakazitia mafuta na milipuko. Wazima moto waliofika, inasemekana kwa mwendo wa kujikongoja, walimimina maji kupita kiasi, na maji yakaharibu kilichosazwa na moto. Hata hivyo kadi zilikuwa zimebanwa sana makabatini, na karatasi iliyobanwa haiungui upesi. Karibu asilimia 15 tu ziliteketea. Wengi wa kundi hilo walisalitiwa. 12 walipigwa risasi Julai 1 kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari, Arondéus na Bakker wakiwemo. Moto ulikuja umechelewa. Orodha muhimu zilikuwa zimeshanakiliwa.

Tazama sasa kwingine. Paris nako kulikuwa na kabati la kadi, lililopangwa na afisa wa polisi André Tulard kwa jina, mtaa, kazi na uraia, na ndilo lililowaongoza polisi wa Kifaransa tarehe 16 na 17 Julai 1942 walipokamata watu wapatao 13,000, zaidi ya 4,000 kati yao watoto. Lakini Ufaransa ni kubwa, ina milima, ina vijiji vya kutosha kumeza watu, na nusu ya kusini haikukaliwa na Wajerumani hadi Novemba 1942. Brussels, mameya walikataa kugawa nyota. Antwerp, polisi walisaidia kukamata, na tofauti hiyo inaonekana hadi leo kwenye hesabu za vifo vya miji hiyo miwili. Tarehe 19 Aprili 1943 vijana watatu, Youra Livchitz na rafiki zake wawili, wakiwa na bastola moja na taa iliyofunikwa karatasi nyekundu, walisimamisha treni ya wafungwa iliyokuwa ikitoka Mechelen na kufungua behewa. Usiku ule watu zaidi ya 200 waliruka kutoka treni hiyo.

Norwei ilikuwa na Wayahudi wapatao 2,100 tu, na mpaka mrefu na Uswidi isiyokuwa vitani. Hesabu hiyo ingetosha kuokoa wote. Lakini mapema 1942 walijaziwa fomu na kupigiwa J, na tarehe 26 Novemba polisi wa Norwei walikodi teksi za Oslo, wakapita nyumba kwa nyumba na orodha, wakajaza meli iitwayo Donau. Denmark, ng'ambo tu ya maji, serikali ilikuwa imekataa kuwatenga Wayahudi wake, haikuwasajili wala kuwavisha nyota. Mwanadiplomasia wa Kijerumani Georg Ferdinand Duckwitz alipovujisha habari za msako, mwishoni mwa Septemba 1943, wavuvi walivusha zaidi ya watu 7,000 hadi Uswidi kwa wiki chache. Usiku wa msako Wajerumani waligonga milango ya nyumba tupu.

Kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, mkuu wa Kijerumani alidai orodha ya Wayahudi wote. Meya Loukas Karrer na Askofu Chrysostomos wakampelekea karatasi yenye majina mawili: ya kwao wenyewe. Wayahudi 275 wa kisiwa walifichwa vijijini na wote wakapona. Albania, nchi ambayo watu wake wengi ni Waislamu, mamlaka zilikataa kutoa orodha, na familia zikawachukua wageni kwa ahadi ya ulinzi ambayo kwa Mwalbania ni sharti kuliko sheria. Vita vilipokwisha nchi ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko ilivyoanza. Bulgaria inatatiza zaidi. Mbunge Dimitar Peshev na maaskofu wa Kiorthodoksi waliwaokoa karibu Wayahudi 50,000 wenye uraia wa Bulgaria, huku serikali hiyo hiyo ikikabidhi zaidi ya 11,000 wa Thrace na Makedonia, ambao haikuwa imewapa uraia.

Mtu asichukue mifano hii akasema kwamba kadi ndizo zilizoua. Uholanzi ni tambarare, haina msitu wa kumficha mtu, imezungukwa na Ujerumani, Ubelgiji iliyotekwa na bahari. Tena haikuachiwa jenerali wa kijeshi kama Ubelgiji. Ilipewa Arthur Seyss-Inquart na maafisa wa SS, watu wa itikadi. Na Hungaria, kati ya Mei na Julai 1944, Wayahudi zaidi ya 430,000 walipelekwa, karibu wote katika kambi ya mauaji ya Auschwitz, kwa wiki nane, kasi ya kutisha, bila Lentz wa aina yoyote. Jandamaria, yaani polisi wa mashambani wa Hungaria, waliwazoa mkoa baada ya mkoa. Penye utashi wa kutosha na bunduki za kutosha, daftari la kijiji lilitosha. Ninachosema ni kwamba pale ambapo raia wengi hawakutaka mauaji, ofisi nzuri iliziba pengo la chuki.

Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa sana jambo hili. Utawala wa Ubelgiji uliwagawa Wanyarwanda kwa vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho hivyo ndivyo vilivyoamua nani apite. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mauaji ya kimbari, uliopitishwa Desemba 1948 kwa juhudi za mwanasheria Myahudi wa Polandi, Raphael Lemkin, ulisubiri karibu miaka 50 kabla mahakama ya kimataifa haijamtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Hukumu hiyo ilisomwa Arusha, Septemba 1998, dhidi ya Mnyarwanda Jean-Paul Akayesu. Alikuwa bwana meya.

Lentz alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Shirika la reli la Uholanzi, lililolipwa kwa kila safari, liliomba radhi 2005, na 2018 likakubali kuwafidia waathirika na warithi wao. Serikali yenyewe iliomba radhi Januari 2020.

Lakini mkasa unaonifanya niamini kwamba tatizo halikuwa Wajerumani peke yao ni wa baada ya vita. Wayahudi wachache waliorudi Amsterdam kutoka kambini au mafichoni, wale waliokuwa na nyumba kwenye viwanja vya manispaa, waliletewa madai ya kodi ya kiwanja kwa miaka ambayo hawakuwepo, pamoja na faini ya kuchelewa kulipa. Nyumba zilikuwa zimekaliwa na Wajerumani au vibaraka wao. Walioandika kueleza walikuwa wapi walijibiwa kwamba masharti ya mkataba yanamhusu kila mwenye nyumba. Mafaili yalikaa kabatini zaidi ya miaka 60, hadi yalipoanza kuhamishiwa kwenye kompyuta na mwanafunzi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo akashtukia mfululizo wa barua zile. Mwaka 2016 manispaa ilikubali kurudisha euro milioni 10.